Habari za Hasheem Thabeet na Heshima Aliyoipata Chuoni

Mpira wa kikapu si mchezo wa zamani sana. Ulibuniwa mwaka 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, na mwalimu James Naismith, aliyetaka wanafunzi wake wapate mazoezi ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Akapigilia vikapu viwili vya matunda, kimoja kila upande wa ukumbi, na jina la mchezo likatokana na vikapu hivyo. Huku Afrika ya Mashariki mchezo huu ulienea zaidi kwa njia ya shule na vyuo. Mpira wa miguu hautaki ila mpira wenyewe na mahali pa wazi. Kikapu kinataka sakafu ngumu, ubao na pete ya chuma, na vitu hivyo havipatikani katika kila kijiji. Basi si ajabu kwamba watu wa upande huu waliofika mbali katika mchezo huo wanahesabika kwa vidole.

Mmoja wao ni Hasheem Thabeet, Mwislamu, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kubwa ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, iitwayo NBA. Jina lake hujulikana na vijana wengi, lakini aghalabu hutajwa kwa kejeli. Husemwa kwamba alichaguliwa mbele ya watu waliokuja kuwa mabingwa wa dunia, kisha yeye asifanye kitu. Neno hilo lina ukweli ndani yake, na halitafichwa hapa. Lakini ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye faida zaidi kwa watu wa Nakivale na Mbarara.

Makazi ya Nakivale, yaliyo katika Wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakivuka mpaka kwa ajili ya machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959. Siku zile mahali hapo palikuwa sehemu ya Ankole, na hata Isingiro ilipokatwa kutoka Mbarara na kuwa wilaya yenyewe mwaka 2005, Mbarara iliendelea kuwa mji unaokimbiliwa kwa soko, kwa hospitali na kwa shule za juu. Baada ya Wanyarwanda walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali waliokimbia vita vilivyofuata kuanguka kwa serikali ya Mogadishu mwaka 1991, na Waethiopia na Waeritrea. Lugha zao ni nyingi, na Kiswahili ndicho kilichowapatanisha wengi wao sokoni, shuleni na msikitini. Waislamu wa Mbarara nao wana historia ndefu ya kupokea wageni, kwa kuwa baadhi ya Waislamu wa mwanzo wa Ankole walikuwa wenyewe ni watu waliotoka Buganda baada ya vita vya dini vya mwisho wa karne ya 19.

Katika miaka ya karibuni maelfu ya wakimbizi wa Kongo waliokuwa Uganda, na wengine wa Nakivale miongoni mwao, walihamishiwa Marekani. Watoto wao waliingia shule za Texas, Kentucky, Ohio na kwingineko, na katika shule hizo walikuta mpira wa kikapu ukipewa cheo ambacho mzazi wa huku hawezi kukikisia. Mwanafunzi mrefu akionekana kwenye ukumbi huitwa na mwalimu wa mchezo kabla hajajua njia ya kwenda darasani. Mzazi aliyebaki Nakivale hupata habari kwa simu kwamba mwanawe anacheza mpira, naye hajui afurahi au ahuzunike. Kwa mzazi huyo, na kwa kijana mwenyewe, habari za Thabeet si hadithi ya mtu wa mbali.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari, 1987. Hakukulia katika mpira wa kikapu. Alianza kuucheza akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao mtoto wa Marekani anayetazamiwa kuwa mchezaji huwa ameshacheza miaka minane au tisa. Kilichomvuta uwanjani kilikuwa urefu wake, ambao ulifika futi 7 na inchi 3, yaani sentimita 221. Babaye alifariki yeye akiwa bado kijana, na nyumba ikabaki kwa mama. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa na klabu zenye sifa, kama Vijana na Pazi, na mashindano ya shule yalikuwapo. Lakini njia ya kutoka huko kwenda vyuo vya ng'ambo ilikuwa nyembamba mno, kwa kuwa waliojua kuipita walikuwa wachache.

Njia hiyo ilimfungukia akaenda Marekani kusoma shule ya sekondari. Alipita katika shule zaidi ya moja kabla ya kutulia Cypress Christian, shule ya Kikristo katika mji wa Houston, Texas. Kijana wa Kiislamu alisoma humo na akamaliza. Wazee wa Kiislamu wa Uganda hawataona jambo hilo kuwa geni, kwa sababu kizazi kizima cha watoto wao kilipata kusoma na kuandika katika shule za misheni wakati ambapo shule za Waislamu zilikuwa chache. Jambo la kushika hapa ni kwamba mpira peke yake haukutosha kumwingiza chuo kikuu. Vyuo vya Marekani vinavyoshindana katika daraja la juu vimefungwa na kanuni inayomtaka mwanafunzi awe na alama za masomo na cheti cha sekondari kabla ya kuvaa jezi. Vijana warefu wengine wameishia mlangoni kwa kukosa karatasi hiyo.

Mwaka 2006 aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut, kilicho katika kijiji cha Storrs, kaskazini-mashariki ya Marekani, mahali penye theluji na mashamba. Mwalimu wa timu alikuwa Jim Calhoun, mtu mkali wa maneno, ambaye alikuwa ameshachukua ubingwa wa vyuo vya taifa mara mbili, mwaka 1999 na 2004, na ambaye alikuja kuuchukua tena mwaka 2011. Mbele ya Thabeet palikuwa na kivuli kizito, kwa sababu mahali alipowekwa palikuwa pameachwa miaka miwili nyuma na Emeka Okafor, mmoja wa wachezaji walioleta kombe la 2004.

Hapana budi kueleza kazi aliyopewa, maana wengi hudhani mchezaji hupimwa kwa magoli tu. Kazi ya Thabeet ilikuwa kulinda chini ya kikapu. Adui anapopenya na kuutupa mpira, mlinzi mrefu hunyanyuka na kuupiga au kuudaka ungali hewani. Lakini sheria humkataza kuugusa mara unapoanza kushuka kuelekea kikapuni. Akiugusa, goli huhesabiwa. Kwa hiyo muda alionao ni mfupi kuliko kupepesa jicho, na urefu pekee haumsaidii asiyejua kungoja. Akiruka mapema, adui humdanganya na kumpita. Akichelewa, amefanya kosa. Akimgusa mtu badala ya mpira, amefanya kosa jingine, na makosa matano humtoa mchezoni. Tena faida ya mlinzi wa namna hiyo haionekani yote katika hesabu, kwa kuwa wapo washambuliaji wengi ambao wakimwona amesimama pale hughairi wenyewe na kurudisha mpira nyuma.

Mwaka wake wa kwanza timu ilikuwa changa na dhaifu. Ilishinda michezo 17, ikafungwa 14, wala haikuingia katika mashindano ya taifa. Thabeet alipata wastani wa pointi 6 tu kwa mchezo, lakini mipira aliyoizuia hewani ilikaribia 4. Mwaka wa pili pointi zikafika 10 na nusu, na mipira aliyozuia ikafika 4 na nusu kwa kila mchezo. Mwisho wa msimu huo wa 2007-08, chama cha walimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani kilimtangaza kuwa mlinzi bora wa mwaka katika nchi nzima, na ligi yake ya Big East, iliyokuwa miongoni mwa ligi kali kuliko zote, ikampa heshima hiyo hiyo. Ilikuwa miaka mitano au sita tu tangu aliposhika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza mjini Dar es Salaam.

Msimu wa 2008-09 ndio uliokuwa kilele chake. Timu ilishinda michezo 31 ikafungwa 5, na kwa muda ikahesabiwa kuwa ya kwanza katika Marekani yote. Thabeet mwenyewe alipata wastani wa pointi 13.6, na mipira 10.8 aliyoidaka baada ya kugonga ubao au chuma, ambayo wachezaji huiita ribaundi. Katika mchezo mmoja dhidi ya Chuo cha Providence alipata pointi 15, ribaundi 11, na kuzuia mitupo 10. Kufikisha kumi katika mambo matatu ni jambo la nadra, na nadra zaidi iwapo moja la hayo matatu ni kuzuia.

Hata hivyo msimu huo haukuwa wa sifa tupu. Tarehe 16 Februari, 2009, siku aliyotimiza miaka 22, timu yake ilikutana na Chuo Kikuu cha Pittsburgh mjini Hartford, mbele ya watu wake. Pittsburgh walikuwa na kijana aitwaye DeJuan Blair, mfupi kuliko Thabeet kwa zaidi ya nusu futi, lakini mpana na mwenye nguvu za fahali. Katika kugombea mpira mmoja mikono yao ilishikana, na Blair akamtupa Thabeet juu ya bega lake mpaka akaanguka chini kwa mgongo. Picha ya tukio hilo ilionyeshwa nchi nzima. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 tu, na Connecticut, waliokuwa wa kwanza kitaifa, wakafungwa 76 kwa 68. Walipokutana tena Machi mjini Pittsburgh, wakafungwa kwa mara ya pili.

Lakini walimu wa Big East walipokaa kumchagua mchezaji bora wa mwaka, hawakuutazama usiku mmoja. Walitazama msimu mzima, na kura zikaleta majina mawili sawasawa: DeJuan Blair na Hasheem Thabeet. Walishirikiana heshima hiyo, aliyetupa na aliyetupwa. Mwaka huo huo Thabeet alipewa kwa mara ya pili mfululizo heshima ya mlinzi bora wa ligi na ya mlinzi bora wa taifa, tena akawekwa katika kikosi cha pili cha wachezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Haikuwa tuzo ya huruma kwa mgeni. Waliopiga kura ni walimu ambao vijana wao walikuwa wameshazuiwa naye.

Siku chache baada ya hapo timu yake iliingia katika mchezo ambao bado unasimuliwa. Alhamisi ya tarehe 12 Machi, 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Connecticut walikutana na Syracuse. Dakika 40 za kawaida zikaisha sare. Zikaongezwa 5, ikawa sare. Zikaongezwa tena, ikawa sare. Na hivyo hivyo mpaka mara ya sita, ndipo Syracuse waliposhinda kwa pointi 127 dhidi ya 117, saa saba ya usiku imekwisha kupita. Wachezaji wengi walikuwa wametolewa kwa makosa na waliobaki walikuwa hawawezi kuinua miguu.

Connecticut hawakuvunjika moyo. Katika mashindano ya taifa waliwafunga Chattanooga 103 kwa 47, wakawashinda Texas A&M, Purdue na Missouri, wakafika katika timu nne za mwisho mjini Detroit. Huko, mbele ya watazamaji zaidi ya 72,000, walifungwa na Michigan State 82 kwa 73. Ndivyo mchezo wa chuo wa Thabeet ulivyokwisha. Katika miaka mitatu alikuwa amezuia mitupo zaidi ya 400, na katika historia ya chuo hicho ni Okafor peke yake aliyemzidi.

Hakungoja mwaka wa nne. Tarehe 25 Juni, 2009, katika uteuzi wa kila mwaka ambao timu za NBA huchagua vijana wapya kwa zamu, wa kwanza aliitwa Blake Griffin, na wa pili aliitwa Hasheem Thabeet, achezee Memphis Grizzlies. Wa tatu alikuwa James Harden, na wa saba Stephen Curry. Hapa ndipo kejeli zilipoanzia, kwa sababu Harden na Curry walikuja kuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa wa zama zao. Thabeet alipata pointi 3 kwa mchezo mwaka wake wa kwanza, na mwezi wa Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo ya kulelea wachezaji, kwenye timu ya Dakota Wizards. Wakati huo hapakuwa na aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Mwaka 2011 alihamishiwa Houston, mwaka 2012 Portland, kisha Oklahoma City mpaka 2014. Kwa jumla alicheza michezo 224 ya NBA katika misimu mitano, kwa wastani wa pointi 2.2. Baadaye alicheza Japani na Taiwan.

Sababu za kupungua huko zinajulikana, na hazina uchawi. Wanaume wa NBA walikuwa na nguvu na ujuzi kuliko vijana wa chuo, na mtu aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 alikuwa na upungufu katika miguu na mikono ambao urefu ulikuwa umeuficha. Labda mwaka mmoja zaidi Storrs ungemfaa, kwa mwili na kwa masomo. Kosa hilo ni rahisi kuonekana na mtu aliyekaa kando, ambaye hakuwekewa mezani fedha za mchezaji wa pili. Zaidi ya hayo, mchezo wenyewe ulikuwa ukigeuka. Katika miaka iliyofuata timu zilizidi kutupa mpira kutoka mbali, na mlinzi asimamaye chini ya kikapu akalazimika kukimbia nje kumfuata mtu mwepesi. Curry ndiye aliyekuwa mkuu wa mageuzi hayo.

Lakini mwenye kumwita mtu huyu aliyeshindwa na apime kwa kipimo cha haki. Tuzo za 2008 na 2009 hazikuwa ahadi ya mambo yajayo. Zilikuwa malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa, mchezo kwa mchezo, mbele ya mashahidi. Mtu akilima shamba msimu wa kwanza akavuna, kisha msimu wa pili mvua ikamkimbia, mavuno ya kwanza hayarudi ardhini. Na jambo moja watani wake hawalitaji: kijana aliyetoka katika mji usio na njia alifika mahali ambapo Mtanzania hakuwahi kufika, na katika miaka yote iliyopita kabla yake, kwa mamilioni ya watu wa nchi hiyo, njia hiyo haikuwa imepitwa hata na mmoja.

Wapo Waafrika waliopata heshima ndefu zaidi, na kuwataja si kumpunguza. Hakeem Olajuwon, Mwislamu wa Lagos, naye alianza kikapu akiwa kijana mkubwa baada ya kucheza mpira wa miguu na mpira wa mikono. Alifika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980, katika mji ule ule ambamo Thabeet alikuja kumalizia sekondari. Aliifikisha timu ya chuo hicho katika nne za mwisho miaka mitatu mfululizo, 1982 mpaka 1984, akachaguliwa wa kwanza mwaka 1984, na akaipa Houston Rockets ubingwa mwaka 1994 na 1995. Mwezi wa Februari 1995 uliangukia Ramadhani karibu wote. Olajuwon alifunga mchana na kucheza jioni, na mwisho wa mwezi akatangazwa kuwa mchezaji bora wa mwezi huo katika ligi. Mwaka 2008 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu mjini Springfield. Idadi ya mitupo aliyoizuia, 3,830, haijafikiwa na mtu katika NBA.

Wa pili yake katika hesabu hiyo ni Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa, ambaye Wakongo wa Nakivale wanamjua bila kuelezwa. Huyu alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari wa watu, na mpira ukamkuta huko. Alimaliza shahada yake mwaka 1991, akacheza NBA misimu 18, na mwaka 2007 ikafunguliwa Kinshasa hospitali ya vitanda 300 aliyoijenga na kuiita kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Aliingizwa Springfield mwaka 2015, akafariki tarehe 30 Septemba, 2024.

Habari hizi hazikuhusu wavulana peke yao. Katika mji wa Springfield wenyewe alizaliwa Bilqis Abdul-Qaadir, msichana wa Kiislamu ambaye alipomaliza sekondari alikuwa amefunga pointi nyingi kuliko mwanafunzi yeyote wa jimbo la Massachusetts, wavulana wakihesabiwa pamoja. Alichezea Chuo Kikuu cha Memphis, kisha Indiana State, akiwa amejistiri kichwa, mikono na miguu, wa kwanza kufanya hivyo katika daraja la juu la vyuo. Alipotaka kucheza kwa malipo alizuiwa na kanuni ya shirika la dunia la mchezo huo, FIBA, iliyokataza vazi la kichwa. Kwa kanuni hiyo hiyo wasichana wa Qatar walijitoa katika Michezo ya Asia ya mwaka 2014, walipotakiwa kuvua hijabu. Bilqis na wengine wakalalamika kwa miaka, na mwaka 2017 kanuni ikabadilishwa. Yeye mwenyewe miaka yake ya kucheza ilikuwa imeshapita. Msichana wa Mbarara anayetaka kucheza leo akiwa na hijabu hawezi tena kuambiwa kwamba sheria ya mchezo inamkataza.

Uganda nayo haikukaa bure. Timu yake ya taifa iliingia katika mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na mwaka 2021 ikafika robo fainali. Vyuo vikuu vimekuwa nguzo ya mchezo huo nchini, na Mbarara yenyewe ina chuo kikuu cha serikali tangu mwaka 1989, kama vile Waislamu walivyo na chuo chao cha Mbale tangu 1988. Mzazi anayeuliza kama mpira utamtoa mtoto katika masomo anauliza swali la haki, na jibu lake hutegemea mahali mpira unapochezwa. Ukichezwa badala ya shule, humtoa. Thabeet, Olajuwon, Mutombo na Bilqis wote waliucheza ndani ya shule, na wasingesikika kama wangeucheza nje yake.

Na yupo mmoja ambaye habari zake zimeanzia katika ukimbizi, tena Uganda hii hii. Khaman Maluach alizaliwa Sudan Kusini mwaka 2006, na jamaa zake wakakimbia naye akiwa mdogo, akakulia Kawempe, mjini Kampala. Alikuwa mpenzi wa mpira wa miguu mpaka watu walipouona urefu wake na kumwelekeza kwenye kikapu, akiwa na miaka 13 hivi. Akiwa na miaka 17 aliichezea Sudan Kusini katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, nchi ambayo wachezaji wake karibu wote walilelewa ugenini. Msimu wa 2024-25 aliuchezea Chuo Kikuu cha Duke, akafika nao katika timu nne za mwisho, na Juni 2025 akaitwa wa 10 katika uteuzi wa NBA, akaenda Phoenix. Luol Deng, mkimbizi mwingine wa Sudan aliyepitia Misri na Uingereza kabla ya kufika Duke, alikuwa ameitwa wa 7 mwaka 2004. Katika wote waliotoka Afrika ya Mashariki, hajatokea bado aliyeitwa mapema kuliko yule kijana wa Dar es Salaam, wa 2, mwezi wa Juni 2009.